Nyumba ya Mmisionari, Shule na Kanisa: Safari ya Kiswahili kutoka Rabai hadi Viwandani, Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi familia ya kimisionari, pamoja na shule na kanisa lililoambatana nayo, ilivyochangia kuunda hali ya lugha inayoonekana leo katika eneo la Industrial Area na mitaa ya Eastlands inayolizunguka. Kwa kutumia nadharia ya nyuga za matumizi ya lugha, tunaonyesha kwamba katika vituo vya kwanza vya misheni pwani Kiswahili kilikuwa lugha ya mimbari na ya darasa kwa pamoja. Misheni ilipofika bara na mjini, nyuga hizo mbili zilitengana: kanisa la mjini likabaki na Kiswahili, shule ikafuata Kiingereza. Tunahitimisha kwamba anayelipa gharama ya utengano huo ni mtoto wa Mukuru, na kwamba dawa yake imo tayari katika sera ya elimu ya Kenya, ila haijatumiwa.

1.0 Utangulizi

Mtu akivuka reli kutoka mitaa ya Makongeni na Mbotela kuelekea kusini, huingia Industrial Area: viwanda vya Barabara za Lunga Lunga, Enterprise na Likoni, na kando ya Mto Ngong, vijiji vya mabati vya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Mwaka 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza vijiji hivi vitatu kuwa Eneo Maalumu la Mipango, jambo lililodhihirisha ukubwa wa idadi ya wakazi wake na uhaba wa huduma za umma walizonazo, shule zikiwamo.

Pengo hilo la shule limezibwa kwa kiasi kikubwa na makanisa. Yapo mashirika ya kitawa yaliyotoka nchi za nje, kama vile Masista wa Huruma walioanzisha shule kadhaa katika Mukuru, na mabruda wa shirika la Edmund Rice wanaohusishwa na Kituo cha Ruben chenye shule, zahanati na redio ya jamii, Ruben FM. Zipo pia shule nyingi ndogo za watu wa hapa hapa: mchungaji ana kanisa la mabati, na mkewe, ambaye waumini humwita mama mchungaji, anaendesha shule ndani ya jengo lilo hilo. Jumapili viti huelekezwa mimbarini. Jumatatu huelekezwa ubaoni.

Watafiti wa isimujamii wameandika mengi kuhusu Sheng ya Eastlands, lakini jengo hili lenye kazi mbili halijapewa uzito unaostahili. Makala haya yanaliangalia kama mrithi wa nyumba ya mmisionari ya karne ya kumi na tisa, na yanajibu maswali matatu. Je, Kiswahili kilikuwa na nafasi gani katika nyumba ile ya kwanza? Nafasi hiyo ilibadilikaje? Na mabadiliko hayo yana maana gani kwa mwanafunzi wa Viwandani leo?

2.0 Msingi wa Kinadharia

Mwanaisimujamii Joshua Fishman alieleza kwamba katika jamii yenye lugha nyingi uteuzi wa lugha hauendi ovyo. Huongozwa na nyuga, yaani mazingira ya kijamii yenye wahusika, mahali na mada zinazotarajiwa. Alibainisha nyuga tano za msingi: familia, urafiki, dini, elimu na ajira. Kila uga huelekea kuwa na lugha au lahaja yake, na uga ukipoteza mipaka yake, lugha nayo hupoteza kinga yake.

Nadharia hii inatufaa kwa sababu kituo cha misheni kilikusanya ndani ya ua mmoja nyuga tatu ambazo kwa kawaida hutenganishwa. Nyumba ya mmisionari ilikuwa familia, shule na kanisa. Mume alihubiri na kutafsiri. Mke mara nyingi aliwafundisha wanawake na watoto kusoma na kushona. Watoto wao walicheza na watoto wa wenyeji na wakazipata lugha za wenyeji bila kufundishwa. Kwa hiyo, uamuzi wowote wa lugha uliofanywa katika ua huo uligusa nyuga zote tatu kwa mpigo. Hii ndiyo sababu athari ya watu wachache sana ilikuwa kubwa kuliko idadi yao.

3.0 Pwani: Lugha Moja kwa Mimbari na Darasa

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alifariki baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akamfuata baada ya siku chache. Kaburi lao lipo upande wa Nyali. Familia hiyo ilikwisha kabla ya shule wala kanisa kuwapo, lakini kazi ya lugha ilikuwa imeshaanza: ndani ya miezi hiyo ya kwanza Krapf alikuwa akitafsiri Kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Msomaji aitafakari picha hiyo: msomi wa sheria ya Kiislamu akimfafanulia mhubiri wa Kikristo maneno ya imani. Tutaona katika sehemu ya nne matokeo yake katika msamiati.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga na Krapf, nao wakaweka kituo Rabai. Krapf alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rebmann alimwoa Emma mwaka 1851, nao wakaishi Rabai hadi Emma alipofariki huko mwaka 1866. Rebmann mwenyewe hakuondoka hadi mwaka 1875. Idadi ya waongofu wao ilikuwa ndogo mno. Waliloliacha nyuma yao ni lugha iliyoandikwa kwa hati ya Kilatini na tayari kufundishiwa.

Mwaka 1875 CMS ilianzisha makazi ya Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele yake ingali inatunzwa, na mahali hapo huitwa Kengeleni. Wakazi wa Frere Town walitoka makabila mengi ya bara, Wayao na Wanyasa wakiwamo, na wengine walikuwa wamelelewa Bara Hindi kabla ya kurudishwa Afrika. Hawakuwa na lugha ya mama ya pamoja. Kiswahili kikawa lugha ya nyumba zao mpya, ya shule yao na ya ibada yao. Walimu na makasisi wakatoka miongoni mwao: William Jones na Ishmael Semler, waliowahi kuwa watumwa utotoni, walipewa daraja la ushemasi mwaka 1885.

Frere Town ndiyo iliyomlea James Mbotela, mwalimu na mwana wa mtumwa aliyekombolewa, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichapishwa mwaka 1934. Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kumtukuza Mwingereza kama mkombozi, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa lugha kitabu hiki ni ushahidi wa jambo jingine. Kizazi kimoja tu baada ya kufunguliwa minyororo, shule ya misheni ilikuwa imemtoa mwandishi wa nathari ndefu ya Kiswahili ambaye babake hakuzaliwa na lugha hiyo. Hayo ndiyo yanayowezekana pale darasa na mimbari vinapotumia lugha ambayo mtoto anaielewa.

4.0 Msamiati wa Ua wa Misheni

Maneno ya kanisa na shule katika Kiswahili ni kumbukumbu ya historia hii. Tunaweza kuyapanga katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo watafsiri waliyakuta tayari: kanisa, kasisi, askofu, Injili, ibada, sadaka, madhabahu, msalaba, mwalimu. Wamisionari hawakuhitaji kuunda lugha mpya ya dini. Waliazima lugha ya dini iliyokuwapo na kuielekeza kwingine. Baadhi yao waliliona jambo hili kuwa hatari, wakihofu kwamba Kiswahili kingebeba Uislamu ndani yake. Hofu hiyo ilikuja kuathiri sera ya lugha bara, kama tutakavyoona.

Kundi la pili ni maneno ya Kizungu yaliyoingia kupitia mataifa mbalimbali. Padri ni la Kireno. Shule ni la Kijerumani, nalo limelishinda skuli, lenye asili ya Kiingereza, kila mahali isipokuwa Zanzibar. Chuo, ambalo awali lilimaanisha kitabu na mahali pa kusomea Kurani, limepandishwa ngazi hadi taasisi ya elimu ya juu.

Kundi la tatu ndilo linalotuhusu zaidi: maneno ya ukoo. Kanisa Katoliki nchini Kenya lina fatha, sista na bruda. Makanisa ya Kiprotestanti yana baba askofu, mama mchungaji, ndugu na dada. Familia ya damu ya mmisionari wa Kiprotestanti na familia ya kitawa ya Kikatoliki zote mbili zilijieleza kwa Waafrika kupitia istilahi za ukoo, kwa kuwa ndizo zilizoeleweka. Wakati maaskofu wa Afrika Mashariki chini ya AMECEA walipoamua katika miaka ya 1970 kuijenga parokia juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walifuata mantiki iyo hiyo: kanisa likae nyumbani kwa watu, miongoni mwa majirani. Katika Katanga, miaka ya 1950, padri Mbelgiji Placide Tempels alianzisha miongoni mwa wafanyakazi wa migodi vuguvugu ambalo jina lake lilikuwa neno la Kiswahili tu: Jamaa. Ni dhahiri kwamba penye kiwanda au mgodi, ambapo mtu ameacha ukoo wake mbali, maneno haya hupata nguvu mpya.

5.0 Bara na Mji: Nyuga Zatengana

Katika nyanda za juu hali ilikuwa tofauti. Harry Leakey wa CMS na mkewe Mary walianza kazi Kabete, nje kidogo ya Nairobi, mwaka 1902. Mwana wao Louis, aliyekuja kuwa mwanaakiolojia mashuhuri, alizaliwa hapo mwaka 1903 na kukua akizungumza Kikuyu kama wenzake. Leakey mwenyewe alijishughulisha na tafsiri ya Biblia kwa Kikuyu. Familia za namna hii ziliona lugha ya mama kuwa njia ya karibu zaidi ya kufikia moyo wa mtu, na Kiswahili kuwa lugha ya pwani.

Mwaka 1909 mkutano wa pamoja wa mashirika ya misheni nchini Kenya ulipendekeza ngazi tatu: lugha ya mama katika madarasa ya mwanzo, Kiswahili katika madarasa ya kati na Kiingereza baada ya hapo. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza Kiswahili kiondolewe katika mitaala isipokuwa pale kilipokuwa lugha ya wenyeji. Hivyo, ngazi ya katikati ilianza kung'olewa mapema. Wakati huo huo Kiswahili chenyewe kilikuwa kikisanifiwa: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Lugha ilisanifiwa kwa ajili ya shule ambazo baadhi ya washauri wake hawakutaka itumiwe humo.

Mji haukusubiri washauri. Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Makongeni zilijaa wafanyakazi wa reli, wa viwanda na wa nyumba za Wazungu waliotoka kila upande. Hakuna lugha ya mama moja ambayo ingeweza kuhubiriwa kwa waumini hao wote. Kanisa la Eastlands likarudia, bila kukusudia, hali ya Frere Town: watu wa asili nyingi waliokutana ugenini. Likaitumia lugha iliyotumika Frere Town. Ukoo wa Mbotela nao ulifika Nairobi. Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, aliuawa jijini mwezi Novemba 1952, na mtaa unaopakana na reli ya Industrial Area unaitwa Mbotela hadi leo. Wa ukoo huo pia ni Leonard Mambo Mbotela (1940–2025), mtangazaji ambaye kipindi chake cha redio Je, Huu ni Ungwana? kiliwafunza Wakenya wengi adabu na Kiswahili kwa wakati mmoja.

Shule ilifuata njia nyingine. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde (1964) iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi (1976) ilirekebisha hapo: madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mijini lugha hiyo iwe Kiswahili. Ripoti ya Mackay (1981) ilikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika mfumo wa 8-4-4. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo, tangu mwaka 1976 mtoto wa Viwandani ana idhini ya sera kuanza masomo yake kwa Kiswahili.

6.0 Viwandani: Jumapili na Jumatatu

Kilichopo ni kinyume. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kati ya mwaka 1985 na 2023, uliuliza masomo yote kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili. Mzazi aliyekuwa akilipa karo kutokana na kibarua cha kutwa alitaka kuona matunda ya fedha yake, na tunda linalosikika upesi ni mtoto anayeamkia kwa Kiingereza. Mwenye shule anayetegemea karo hiyo hana budi kumsikiliza. Mtihani umeondoka, lakini desturi uliyoijenga haijaondoka nao. Si haki basi kumlaumu mchungaji wala mkewe. Wanafanya kazi ambayo serikali haikuifanya, kwa masharti ambayo hawakuyaweka.

Hata hivyo, tuangalie kinachotokea katika jengo lile lile. Jumapili mtoto husikia hotuba ya saa nzima kwa Kiswahili, au kwa Kiingereza akiwapo mkalimani anayegeuza sentensi moja baada ya nyingine. Husoma Biblia ya Kiswahili kwa sauti, huimba, hukariri, na aghalabu huombwa kutoa ushuhuda mbele ya watu wazima. Jumatatu, kwenye kiti kile kile, husikia maelezo ya sayansi kwa lugha asiyoitumia nyumbani. Mwalimu hodari huyaeleza tena kwa Kiswahili au Sheng, kisha hurudi kwenye Kiingereza ili yaandikwe daftarini. Kwa namna hiyo Kiswahili huingia darasani kupitia mlango wa nyuma: hutumika kueleweshea lakini hakiruhusiwi kuandikwa.

Majina ya mitaa yanatupa kielelezo kidogo cha mgawanyiko huu. Eastlands kuna mitaa ya Jericho na Jerusalem. Mkazi wake akifungua Biblia ya Kiswahili hukuta Yeriko na Yerusalemu. Anwani ya serikali hufuata tahajia ya Kiingereza, kitabu cha ibada hufuata matamshi ya Kiswahili, na mtoto hujifunza mapema kuwa mahali pamoja pana sura mbili, na kwamba sura moja ndiyo inayoandikwa kwenye fomu.

Sheng nayo ina nafasi yake. Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, anaitazama Sheng kama aina ya Kiswahili cha Kenya na si adui wake. Mtazamo huo unaungwa mkono na hali ya Viwandani. Chukua dhana ya baba. Kanisani kuna fatha, ambaye ni padri. Mtaani kuna fathee, ambaye ni mzazi. Katika sala kuna Baba. Mzungumzaji wa miaka kumi hayachanganyi matatu hayo. Anajua uga wa kila neno kwa uhakika ambao mwalimu wa sarufi angeutamani. Mtoto mwenye umilisi wa kiwango hicho hana upungufu wa lugha. Upungufu upo katika shule isiyoutambua umilisi huo.

Inafaa kukiri pia kwamba Kiswahili cha kanisani si dawa ya kila ugonjwa. Ni rejista yenye maneno kama enenda, tazama na heri kwa matumizi ambayo hayasikiki sokoni, wala haina istilahi za hisabati na sayansi. Pengo hilo, hata hivyo, linazibika. Istilahi kama usanidinuru zimekwisha kuundwa na zimo katika kamusi. Zinazokosekana ni vitabu vya bei nafuu na walimu waliofunzwa kuzitumia. Kwa upande mwingine, stadi za kusoma kwa sauti, kusikiliza maelezo marefu na kusema mbele ya hadhira, ambazo kanisa limezijenga, hazihitaji kununuliwa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kwamba ua wa misheni pwani ulitumia lugha moja katika dini na elimu, na ukatoa walimu na mwandishi katika kizazi kimoja. Tumeona pia kwamba sera za ukoloni na mahitaji ya mtihani zilizitenga nyuga hizo, na kwamba jengo la mabati la Mukuru limeurithi umbo la nyumba ya mmisionari bila kuurithi umoja wake wa lugha. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, sera ya lugha ya eneo katika madarasa ya mwanzo, inayoendelezwa na mtaala wa umilisi ulioanza katika madarasa hayo mwaka 2019, itekelezwe Industrial Area kwa jina lake: Kiswahili. Wakaguzi wawaeleze wazazi kwamba mtoto anayejua kusoma vizuri kwa lugha anayoielewa hachelewi Kiingereza, anakijengea msingi.

Pili, makanisa yanayomiliki shule yaitumie hazina waliyo nayo. Mkalimani wa Jumapili ana ujuzi ambao mwalimu wa Jumatatu anauhitaji. Redio ya jamii inayotangaza kwa Kiswahili ndani ya Mukuru inaweza kuwa darasa la pili.

Tatu, na hili linatuhusu sisi wanachama wa chama cha Kiswahili, tafiti zetu zisiishie kwenye orodha za maneno ya Sheng. Tuingie katika majengo haya siku zote mbili, turekodi mahubiri na masomo, tulinganishe kiasi cha maswali ambayo watoto huuliza katika kila lugha. Mtoto anayeuliza ameelewa kiasi cha kutaka zaidi. Tukipata hesabu hiyo kwa uangalifu, tutakuwa na hoja ambayo mwenye shule, mzazi na afisa wa elimu wataweza kuipima wenyewe.